LTspice: nimeitumia kutengenezea modeli ya testa yangu na bodi za sola, haya ndo maoni yangu

Wadau habari zenu. Leo naleta ripyu ya programu ya kuiga saketi kwenye kompyuta, ambayo wengi mnaijua kwa jina ila wachache wanaitumia kwa kazi niliyoitumia mimi, LTspice. Wengi wanaifungua chuo, wanachora kaamplifaya ka transista moja, wanaona mawimbi kwenye skrini, wanafunga, basi. Mi nimeitumia miezi kadhaa kutafuta kwa nini mashine niliyoiunda mwenyewe ya kupimia bodi ilikuwa inakataa bodi zisizo na kasoro, na kiukweli iliniokoa aibu kubwa sana.

Kisa kilianza hivi. Kuna kampuni moja ya sola hapa Dar (jina tuache) ilikuwa inarudishiwa chaji kontrola nyingi na wateja, zile za volti 12 zinazosimamia betri ya asidi isijazwe wala kumalizwa kupita kiasi, na mafundi wao walikuwa wanapima moja moja kwa mita, bodi moja dakika kumi na tano. Wakaniita wakasema fundi tutengenezee kitu cha kupima chenyewe, unaweka bodi, unabonyeza, taa ya kijani au nyekundu. Nikasema hiyo rahisi. Nikachukua pawa saplai ya kuprogramu inayojifanya betri, lodi ya rezista kubwa ya omu 1.2, relei kadhaa (swichi zinazowashwa kwa umeme), Arduino (kabodi kadogo ka kuprogramu), na jigi ya pini za springi za P75, zile za dhahabu ambazo bodi unaikandamizia juu yake. Wiki ya kwanza watu walipiga makofi. Wiki ya tatu bosi wao, mzee mmoja mpole sana, akanipigia, "Kijana, hii mashine yako inatumaliza. Kati ya bodi 40 imekataa 17, vijana wamezipima kwa mkono mbovu ni 3 tu."

Nikamwambia mzee nipe siku mbili. Ikawa wiki mbili.

Sasa fundi wa kawaida akiambiwa hivyo anakwenda kushika bodi. Na mi ndo nilichofanya siku nne za mwanzo, nabadilisha rezista, nalehemu upya, natukana kimoyomoyo. Mpaka nikakaa nikajiuliza swali ambalo ningejiuliza mwanzo kabisa: mbona namchunguza mgonjwa tu, simchunguzi daktari? Hapo ndo nikarudi kwenye LTspice, nikachora testa yangu yote humo ndani na bodi ikiwa imechomekwa.

Kwa wasioijua, LTspice ni ya bure kabisa, haina toleo la majaribio, haikuambii umebakiza siku 14, wala haikuwekei kikomo cha ukubwa wa saketi. Aliyeiandika ni Mike Engelhardt akiwa Linear Technology ya Marekani, na Analog Devices walipoinunua hiyo kampuni mwaka 2017 programu ikahamia kwao. Ndani yake kuna injini ya ukoo wa SPICE, programu ya zamani ya kuiga saketi iliyotoka chuo kikuu cha Berkeley mwaka 1973 kwa mikono ya Laurence Nagel na profesa wake Donald Pederson. Yaani ni mzee wa miaka hamsini na ushee aliyevalishwa nguo mpya, na nguo zenyewe sio nzuri hivyo, ntafika huko.

Kitu kilichonisaidia kabla hata sijachora waya mmoja ni wazo nililolichukua kwa wakubwa. Watu wa ndege na wa jeshi wana kiwango kinaitwa ATML, IEEE 1671, ambacho kinaeleza mfumo wa kupima kwa vipande: maelezo ya stesheni ya kupimia peke yake, adapta inayounganisha peke yake, na kifaa kinachopimwa peke yake. Ni mafaili ya XML marefu ambayo fundi wa Tabata hana haja nayo hata siku moja, ila ule mgawanyo ni dhahabu. Kwa hiyo nikachora skimatiki yangu (mchoro wa saketi) kwa vipande vitatu, kushoto testa, katikati jigi, kulia bodi. Na nikajiwekea sheria moja, bodi naichora kijinga kabisa kadiri inavyowezekana, halafu testa na jigi naweka kila uchafu ninaoujua.

Watu wengi wanafanya kinyume. Wanahangaika kuiga bodi nzima, kila kapasita, mosfeti yenye modeli ya kiwandani, wanamaliza siku tano, halafu testa wanaiweka kama betri safi na mita safi isiyokosea. Majibu yanatoka mazuri, hayana faida yoyote!

Bodi yangu ilikuwa swichi MOJA. Chaji kontrola ikiona betri imeshuka mpaka volti 11.1 inakata lodi, betri ikipanda mpaka 12.6 inarudisha. LTspice ina swichi ya kuendeshwa kwa volteji, inaitwa SW, ina vitu viwili muhimu, Vt na Vh. Inafunga kwenye Vt kujumlisha Vh na inafungua kwenye Vt kutoa Vh. Kwa hiyo ukiweka Vt=11.85 na Vh=0.75 umepata 12.6 na 11.1, mchezo umeisha, bodi nzima iko kwenye mstari mmoja. Angalizo tu, Vh iwe chanya, ukiweka hasi inakuwa swichi ya kuteleza taratibu isiyo na kumbukumbu ya ilikotoka, na hiyo ni kitu kingine kabisa. Pia anza na volteji ya juu, mi naanza 13.5, kwa sababu ukianzia katikati ya 11.1 na 12.6 programu haina namna ya kujua swichi ilikuwa wazi au imefungwa.

Halafu jigi. Hapa nikaweka rezista ndogo kila upande wa njia ya betri, chanya na hasi, jina lake Rp. Nilikuwa nimeweka pini tatu tatu kila upande, na zikiwa mpya jumla inakuwa kama miliomu 5 (omu 0.005) kila upande. Pini zikipigwa na mabaki ya fluksi na vumbi zinapanda, na zile zangu nilipozipima baadaye zilikuwa zimefika miliomu 30 kila upande. Ukiambiwa miliomu 30 unacheka, ni nini hicho? Sasa weka amri ya .step ipande kutoka 5m mpaka 35m, halafu weka .meas iandike volteji ya saplai pale lodi inapokatika, uone.

Kwa miliomu 5 saplai inasoma 11.19, na dirisha langu la kukubali lilikuwa 11.1 kujumlisha au kutoa 0.15, kwa hiyo bodi inapita. Kwa miliomu 10 inasoma 11.28, imeshafeli! Kwa 30 inasoma 11.65. Bodi ni ileile, swichi ileile, inakata palepale 11.1 kama ilivyoagizwa, lakini testa inapima kwenye saplai, sio kwenye bodi, na katikati kuna ampea 9 na kidogo zinazopita kwenye pini chafu na kuacha nusu volti na ushee njiani. Ndo maana wiki ya kwanza ilikuwa safi na wiki ya tatu ikawa balaa, ilikuwa inazeeka kila bodi inayowekwa.

Nilikaa kimya kama dakika mbili hivi naiangalia ile grafu. Dogo anayenisaidia akaniuliza, "Kaka vipi, imeungua?" Nikamwambia hapana, mi ndo nimeungua.

Kutengeneza ni kitu cha kitabuni, unaongeza pini mbili nyembamba za kuhisi tu, hazipitishi mkondo wowote wa maana, zinagusa bodi yenyewe na kupeleka volteji kwenye kipimo. Waya nne badala ya mbili. Nilikuwa naijua hiyo tangu chuo, nilijibu hata swali lake kwenye mtihani, ila kwenye kazi yangu mwenyewe sikuiweka kwa sababu niliona pini ni "waya tu".

Lakini haikuishia hapo, na hapa ndo programu ilinilipa mara ya pili. Baada ya kuongeza pini za kuhisi kwenye modeli (kwenye modeli kwanza, sijagusa chuma bado) nikaweka na kile kigawanyo cha volteji kinachoingia kwenye ADC (sehemu ya Arduino inayogeuza volteji kuwa namba), rezista ya 100k na 33k, na kapasita ya maikrofaradi 10 niliyokuwa nimepanga kuiongeza kutuliza kelele za saplai. Nikaona kipimo kinasoma karibu 11.47 wakati bodi imekata 11.1. Pini sasa hazihusiki kabisa! Nikafikiri nimechora vibaya, nikafuta nikachora upya, jibu lilelile.

Hesabu yake kumbe ni rahisi. 100k na 33k sambamba ni kama 25k, mara maikrofaradi 10 ni robo sekunde. Na mi nilikuwa nashusha saplai kutoka 13.5 mpaka 10.5 kwa sekunde mbili, yaani volti 1.5 kila sekunde. Kapasita inachelewa robo sekunde nyuma ya ukweli, robo ya 1.5 ni 0.37, ndo hiyo hapo. Testa ilikuwa inasoma habari za jana. Nikabadilisha kapasita kuwa nanofaradi 100, ucheleweshaji ukashuka mpaka milivolti chache, kelele zilizobaki nikazimaliza kwenye kodi kwa kuchukua wastani wa vipimo kadhaa. Ningekuwa nimeweka pini na hiyo kapasita moja kwa moja kwenye chuma, mashine ingeendelea kukataa bodi na mi ningeamini nimelogwa.

Dirisha nalo, 0.15 nililitoa wapi? Nililitoa kichwani, kwa kuona linapendeza. LTspice ina funkshen ya mc() inayokupa namba ya kubahatisha ndani ya asilimia unayotaka, kwa hiyo nikaandika kizingiti cha bodi kama hesabu ya refarensi (volteji ya kulinganishia) ya volti 2.495 yenye kosa la asilimia 1 na rezista mbili za asilimia 1 kila moja, nikaiendesha mara 500 kama vile nimepima bodi 500 nzima kabisa. Kama moja kati ya kumi zilianguka nje ya dirisha langu. Nzima, za kiwandani, hazina kosa, na testa iliyokamilika ingezitupa. Ukijumlisha makosa yote kwa upande mbaya unapata karibu asilimia 2.5, yaani 0.28 ya volti, kwa hiyo dirisha nikalipanua mpaka 0.3, nikawaonyesha kampuni grafu, mzee akasema sasa naelewa kwa nini nakulipa.

Haya, tuje kwenye mabaya, maana sio kwamba naisifia tu.

Kwanza sura. Wallahi hii programu inaonekana kama ya enzi za intaneti kafe. Matoleo mapya wamejitahidi kupanga menyu na vibonye, na hapo hapo wakabadilisha baadhi ya njia za mkato kwenye kibodi, sisi wa zamani tuliozoea F2 kwa komponenti na F3 kwa waya vidole vikawa vinapotea. Inarudishika kwenye setingi ila kwa nini unisumbue.

Pili herufi. Kwenye ukoo wa SPICE M ni mili, hata ukiandika kubwa. Ukitaka mega unaandika Meg. Niliwahi kuweka rezista ya 1M kama ingizo la mita na nikapata rezista ya miliomu moja, saketi nzima imepigwa shoti nikawa natafuta mchawi. Na kapasita ukiandika 1F ukidhani ni faradi moja, unapewa femtofaradi, kitu ambacho hata waya uliokaa hewani unacho zaidi. Haikuonyi, hailalamiki, inakupa tu jibu la kijinga kwa ujasiri.

Tatu, hiyo mc(). Niliiendesha mara ya kwanza, nikaiendesha mara ya pili, majibu yakafanana mpaka desimali ya mwisho. Nikafurahi nikasema saketi yangu imetulia. Kumbe kwa kawaida inaanza na mfuatano uleule wa namba kila mara! Kuna kitiki kwenye setingi cha kuiambia itumie saa ya kompyuta kuchanganya karata upya. Nani angejua?

Nne, ukiendesha mara 500 faili la mawimbi linavimba vibaya mno. Laptopu yangu ina diski ya gigabaiti 128 na ilijaa usiku mmoja, nikaamka nakuta imeganda. Tumia .save kutaja nodi (maungio ya saketi) mbili tatu unazozihitaji tu, zingine zisihifadhiwe.

Tano, na hili ndo kubwa kwa watu wa testa, haiigi maikrokontrola, yaani chipu inayoendeshwa na kodi. Arduino yako na kodi yake haviingii humo. Mi nilizunguka kwa kuweka sosi za PWL (vyanzo vya volteji unavyovipangia ratiba ya muda) zinazojifanya pini za Arduino, "kwenye milisekunde 0 washa relei, kwenye 5 anza kupima", na hata hivyo nikakuta kosa, relei ndogo za bluu zinahitaji mpaka milisekunde 10 kufunga na mi nilikuwa nawahi. Lakini kama kazi yako yote iko kwenye kodi basi Proteus, programu nyingine ya kuiga saketi, inakufaa zaidi, inaendesha faili la hex (kodi iliyokwisha kutafsiriwa) la Arduino au la chipu za PIC ndani ya skimatiki, na ndo maana vyuo vingi vya huku wanaitumia. Ila Proteus ni ya kulipia, na nakala nyingi zinazozunguka kwenye flashi za wanafunzi kila mtu anajua zimetoka wapi, na mi siwezi kumpelekea mteja ripoti iliyotoka kwenye kitu cha wizi. Kwa dogo anayeanza kabisa namfungulia ile ya Falstad kwenye brauza, umeme unaonekana unatembea kama siafu, anaelewa kwa dakika tano kitu kilichonichukua muhula mzima. Wanaochorea bodi kwa KiCad nao wana ngspice ndani, ndugu yake wa ukoo huohuo wa SPICE, sio mbaya, mi sijaizoea tu.

Kuna na ile hali ya kugoma katikati, inakwambia hatua ya muda imekuwa ndogo mno halafu inasimama. Mara nyingi ni kwa sababu umeweka swichi kamili mno, inayoruka kutoka wazi kwenda kufungwa bila muda. Weka Ron (upinzani wa swichi ikiwa imefungwa) ya miliomu chache badala ya sifuri, weka kakapasita kadogo kwenye lodi, inatembea. Mke wangu alinisikia nikiongea nayo usiku akauliza unaongea na nani, nikasema na mashine, akasema haya, ikikujibu niambie.

Mazuri mengine ya harakaharaka: ni nyepesi, laptopu ya ramu ya gigabaiti 4 inaendesha bila shida, haihitaji intaneti ukishaiweka, kwenye Linux inatembea vizuri kwa Wine, ile inayoendesha programu za Windows humo (wa Mac wanalalamika toleo lao liko nyuma, ni kweli). Na faili la skimatiki ni maandishi matupu ya kilobaiti chache, nalituma kwa WhatsApp kwa jamaa yangu yuko Mwanza, anabadilisha Rp anairudisha, tunabishana hivyohivyo. Umeme ukikatika hujapoteza zaidi ya mstari mmoja kama una tabia ya kusevu.

Nyota naipa 4 kati ya 5. Ile moja nimeiondoa kwa ajili ya M na F, sitasamehe.

Testa yenyewe iko kazini hadi leo, pini za kuhisi zipo, kapasita ndogo ipo, na kila asubuhi kabla ya kazi inajipima yenyewe kwanza: inawekewa kipande cha shaba badala ya bodi na inapitisha ampea 5 kwenye njia ya betri, volteji inayopotea ikizidi milivolti 100, yaani jumla ya miliomu 20, inagoma kuanza mpaka pini zisafishwe kwa spiriti. Vijana wa pale wanaichukia hiyo sehemu. Juzi wamenipigia kuuliza kama inaweza kuzimwa.